Gari ya zamani ilivyonifundisha kuuliza "lini" kabla ya "nini"

Asubuhi moja nimepiga stata gari ikazunguka kivivu, ngrr... ngrr... kama mtu anaamshwa na hataki kuamka, halafu ikawaka. Sikujali. Wiki iliyofuata ikawa hivyohivyo, mara leo nzito mara kesho nyepesi, mpaka siku ikakataa kabisa nikiwa na watu ndani. Gari yenyewe ni ya mwaka 1994, petroli, silinda 4, gia za mkono, nimekaa nayo miaka 11 sasa na karibu kila ninachokijua kuhusu injini na umeme wa gari kimetoka kwenye siku kama ile.

Jamaa wa kwanza kufungua boneti alipima betri ikasoma volti 12.2 akasema bosi betri imechoka. Kwa kweli betri nzima iliyojaa ikiwa imetulia inatakiwa isome kama 12.6 na ikifika 12 kamili ujue imekaribia kuisha, kwa hiyo 12.2 ni chini, hakukosea kwenye kipimo. Nikanunua betri mpya, wiki 2 raha mustarehe, wiki ya 3 ngrr imerudi. Wa pili akasema kaboni za stata zimeisha, tukabadilisha stata nzima, siku 3 nzuri halafu palepale. Wa tatu akapima chaji gari ikiwa inanguruma akapata 13.1, akasema ndio hiyo, alteneta (ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka) haichaji, maana ikiwa nzima betri inasoma kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Tukaweka alteneta. Ikasoma 13.1.

Hapo ndio nilikaa chini nikatulia. Spea 3 mpya ndani ya miezi 2 na tatizo liko palepale, na kila mmoja aliyenishauri alikuwa na namba mkononi ya kumuunga mkono. Nikatafuta daftari dogo nikaanza kuandika kila nikiwasha, saa ngapi, injini ya baridi au ya moto, imekaa muda gani, nimesikia nini nimeona nini. Baada ya siku kama 6 kurasa zikaanza kusema. Asubuhi inasumbua kidogo, mchana ikishatembea inasumbua sana. Na kitu cha pili ambacho nilikuwa nakiona kila siku bila kukitilia maanani, nikiwasha taa kubwa halafu nikapiga stata, taa hazififii. Stata inakwenda kivivu lakini taa zinawaka nyeupe pee kwenye ukuta.

Nataka nikae hapa kidogo maana ni jambo dogo ambalo lingeniokoa. Betri ikiwa imechoka, au stata ikiwa imebana na inavuta moto (umeme) mwingi kupita kiasi, taa lazima zizame unapopiga stata, zinakuwa za njano au zinazima kabisa. Taa zikibaki vilevile maana yake betri ina nguvu na haijaombwa kitu kikubwa, yaani moto unakwama njiani kabla haujafanya kazi kwenye stata. Kwa hiyo betri nilishaisingizia bure toka siku ya kwanza, na jibu lilikuwa linaonekana ukutani.

Moto unakwama wapi? Watu wengi tunaufuata ule waya mwekundu tu, tunasahau kwamba umeme ukitoka kwenye chanya lazima urudi kwenye hasi ndio kazi ifanyike. Stata imefungwa kwenye injini, na injini imekalia mipira ya maunti, raba haipitishi umeme, kwa hiyo barabara yake kuu ya kurudi ni ule waya mnene wa ethi unaotoka injini au giaboksi kwenda kwenye bodi na betri. Nikachukua mita nikaiweka kwenye volti za DC, ncha nyeusi nikaishikiza kwenye kichwa chenyewe cha hasi cha betri, sio kwenye klempu, ncha nyekundu kwenye chuma cha injini mahali nilipopakwangua mpaka pakang'aa, nikamwambia mdogo wangu apige stata. Kwenye gari nzima hapo inatakiwa isome kidogo sana, volti 0.2 hivi, ikipita nusu volti anza kushtuka. Yangu ikaenda 2.8.

Volti 2.8 zinapotelea kwenye barabara ya kurudi! Nikachukua waya wa kubustia, mwisho mmoja kwenye hasi ya betri na mwingine nikaubana kwenye injini moja kwa moja, nikasema piga tena. Ikadaka mara moja, hata sekunde haikumaliza. Nimesimama pale nimeshika bomba la rejeta nasikiliza injini inavyonguruma na nilitamani kulia kwa kweli.

Ule waya ulikuwa chini kwenye giaboksi, kwa nje plastiki nzuri tu hauna hata mkwaruzo. Nilipoupinda karibu na kichwa chake ukalia kama majani makavu, na nilipochana plastiki na kisu likamwagika vumbi la kijani, nyuzi za shaba zilizobaki nzima sijui kama zilifika 10. Na kuna ishara nyingine nilikuja kuielewa baadaye, waya wa pedali ya mafuta ulikuwa unapata joto kila nikipiga stata sana, niliwahi kuushika nikashangaa. Ni kwamba umeme umekosa njia yake unajitafutia njia nyingine yoyote ya chuma kutoka injini kwenda bodi, na ule waya mwembamba ulikuwa unabebeshwa mzigo usio wake. Alteneta nayo imefungwa kwenye injini hiyohiyo, kwa hiyo chaji nayo ilikuwa haifiki vizuri kwenye betri. Nilipoweka waya mpya wa ethi chaji ikasoma 14.2. Ile alteneta ya zamani niliyoitoa ilikuwa nzima.

Toka siku hiyo mtu akiniambia gari ina tatizo swali langu la kwanza ni lini. Lini inafanya hivyo. Ikiwa baridi au moto, mvua au jua, ukikata kona au ukinyoosha, imesimama kwenye foleni au iko spidi, ukikanyaga mafuta au ukiachia. Maana kitu kimoja kinaweza kulia sauti kumi lakini hali kinapolia huwa ni ileile, na hali ndio inakuonyesha pa kushika mita.

Mfano gari ilianza kuzima ikiwa moto. Inatembea vizuri dakika 40, halafu inazima ghafla kama umetoa ufunguo, unakaa pembeni dakika 20, unapiga stata inawaka kama hakuna kilichotokea. Ukifika gereji imeshapoa, haina kosa lolote, fundi anakuangalia tu. Hii inachosha kuliko gari iliyokufa kabisa maana huwezi kupima kitu ambacho muda huo hakijaharibika. Inayozima ikiwa moto na kupona ikipoa mara nyingi ni kitu cha umeme, koili ya plagi, sensa ya kranki au ile ya ndani ya distribyuta, au rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya pampu ya mafuta, ndani yao kuna nyuzi au maungio yanayoachana kwa joto na kushikana tena yakipoa. Ukibahatisha utanunua vyote.

Kwa hiyo nikajiandaa. Nikabeba plagi moja ya akiba na glovu, nikakubaliana na nafsi yangu kwamba siku ikizima sitaisubiri ipoe, nitapima palepale. Injini inahitaji cheche na mafuta, kimoja kati ya hivyo kimekosekana, swali ni kipi. Ilipozima nikatoa waya wa plagi silinda ya kwanza nikauchomeka kwenye ile plagi ya akiba, nikaibana plagi kwenye chuma cha injini mbali kabisa na mipira ya petroli, mtu akapiga stata. Cheche ipo, ya bluu, inalia ta ta ta. Basi koili na distribyuta nimezifuta kwenye orodha. Nikawasha ufunguo bila kupiga stata nikatega sikio kwenye siti ya nyuma. Gari yangu ukiwasha ufunguo pampu ya mafuta inavuma sekunde 2 hivi ndani ya tenki halafu inanyamaza (sio gari zote zinafanya hivyo, ndio maana ni vizuri kuijua sauti ya gari yako ikiwa nzima). Siku hiyo kimya. Nikaigonga rilei na mpini wa bisibisi, pampu ikavuma.

Nyumbani nikaifungua ile rilei. Kwa macho tu ilikuwa safi, ila nilipoishika karibu na taa na kuigeuzageuza nikaona kwenye mguu mmoja, pale risasi ya kulehemu inapouzunguka, kuna mstari mwembamba wa duara mweusi kama unywele umelala. Ndio huo. Ikipata joto unaachana, ikipoa unagusana. Nikayeyusha risasi mpya hapo kwa chuma cha kulehemu na baadaye nikanunua rilei nyingine, haijazima tena hivyo mpaka leo.

Kuchemsha ndio naogopa kuliko yote maana umeme utakuacha njiani lakini kuchemsha kunaua injini. Hapa napo lini inafanya kazi kubwa sana. Ikichemsha kwenye foleni tu na ukipata barabara wazi mshale unashuka, angalia feni, maana ukiwa spidi upepo unafanya kazi ya feni. Ikichemsha ukiwa spidi au mlimani na kwenye foleni iko sawa basi feni ina nafuu, fikiria maji hayazunguki ya kutosha, rejeta imeziba kwa ndani au kwa nje imejaa matope na wadudu, themostati (kile kilango kinachofunguka kwa joto kupitisha maji) haifunguki yote, pampu ya maji imechoka. Yangu ilikuwa ya foleni. Nikachomoa soketi ya feni nikaipa moto moja kwa moja toka betri, ikazunguka, basi mota nzima. Fyuzi nzima. Nikafuata ile swichi ya joto iliyo kwenye rejeta, nikachomoa soketi yake nikaunganisha matundu mawili kwa kipande cha waya, feni ikaanza. Kwa hiyo waya na rilei vyote vizima, swichi ndio haifungi hata maji yakichemka. Kazi ya dakika 15, na kabla ya hapo nilishashauriwa kubadilisha rejeta.

Naomba mambo mawili hapa na ninasema kwa uchungu. La kwanza usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto, hata kama umeharakishwa vipi. Ule mfuniko unashikilia presha, gari nyingi ni karibu bar 1, na kwa presha hiyo maji yanapita digrii 100 bila kuchemka. Ukiufungua presha inaondoka na maji yanachemka ghafla na kuruka pamoja na mvuke usoni kwako. Nimemuona mtu mkono wake ulivyokuwa. Subiri mpaka mpira wa juu wa rejeta uweze kuushika na kuubonyeza bila shida. La pili hii tabia ya kutoa themostati na kuitupa eti gari isichemshe. Themostati nyingi zinafunguka kwenye digrii 82 mpaka 88 hivi, kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake haraka na kuiweka hapo, ukiitoa injini inatembea baridi, inakula mafuta, inalika ndani taratibu, na tatizo lililokuwa linachemsha bado lipo umelifunika tu. Maji ya bomba matupu mwaka baada ya mwaka nayo ni hivyohivyo, kutu ndio inayoziba rejeta, weka kulanti (maji maalumu ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kutu).

Ikishachemsha sana angalia hedi gasketi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na hedi yake ya juu. Maji yanapungua na huoni yanapovuja, asubuhi ukifungua mfuniko injini ikiwa baridi kabisa na kuwasha unaona mapovu yanatoka mfululizo, mpira wa juu unakuwa mgumu ndani ya dakika moja wakati injini haijapata moto, moshi mweupe mzito usioisha hata ikishapata joto. Oili kuwa kama maziwa kwenye stiki ni mbaya, ila ute mweupe kidogo chini ya mfuniko wa oili peke yake kwa gari inayotembea safari fupifupi unaweza kuwa unyevu tu, usikimbilie kufungua injini kwa hilo.

Halafu kuna betri kuisha yenyewe gari ikiwa imelala. Yangu ikikaa siku 3 haiwaki, na hii ilikuwa baada ya ethi kupona kwa hiyo nilikuwa na uhakika wa chaji. Nikatoa klempu ya hasi nikaweka mita katikati, kwenye ampea 10, ufunguo umetolewa na milango imefungwa. Hapo usijaribu kuwasha hata ufunguo, achilia mbali stata, utaunguza fyuzi ya mita. Gari iliyolala inatakiwa ivute milliampea 50 kushuka chini, yangu ilikuwa ampea 0.44, yaani milliampea 440. Nikaanza kuchomoa fyuzi moja moja naangalia mita, ya 7 ikashuka mpaka 0.02. Ni fyuzi ya redio na taa za ndani. Redio nikaichomoa, bado. Taa ya ndani imezima naiona. Nikabaki nakuna kichwa mpaka nikakumbuka buti nayo ina taa, lakini utajuaje kama inazima ukishafunga buti? Nikawasha simu ikarekodi video, nikaiweka ndani nikafunga nusu dakika. Kwenye video taa inawaka muda wote. Kitaa cha wati 5 tu, lakini piga hesabu, wati 5 kwa volti 12 ni ampea 0.42, kwa siku ni kama ampea-saa 10, siku 3 ni 30, na betri yangu yote ni ampea-saa 45. Swichi ya mlango wa buti ilikuwa imejaa vumbi haibonyei.

Haya mengine nayapitisha haraka. Gari ikiwa inamisi, yaani silinda moja haichomi vizuri, badilishana koili au plagi kati ya silinda na silinda kabla ya kununua, misi ikihama na kile kitu umeshampata mwenye kosa, ikibaki palepale songa mbele kwenye injekta na kompresheni. Moshi wa bluu ni oili, mweusi ni mafuta mengi, mweupe usioisha ni maji. Tak tak tak ukikata kona yote na kukanyaga mafuta ni sivi joint, ile joint ya ekseli inayozungusha gurudumu la mbele. Kuvuma kama ndege kunakoongezeka ukielekea kushoto mara nyingi ni beringi ya kulia, maana ukikata kushoto uzito unaangukia kulia. Na fyuzi ikiungua usiweke kubwa zaidi wala waya, fyuzi iko pale ili iungue yenyewe badala ya nyaya zilizo chini ya zulia.

Kuhusu taa ya cheki injini, gari za petroli zilizotengenezwa kwa soko la Marekani kuanzia mwaka 1996 na Ulaya kuanzia 2001 zina mfumo mmoja wa kusoma, mashine ndogo ya kawaida inatosha. Yangu ni ya kabla ya hapo, unaunganisha matundu mawili kwenye soketi ya uchunguzi na taa inapepesa unahesabu. Iwe mpya au ya zamani, kodi (namba ya kosa) inakuambia mahali palipolalamika, haikuambii spea ya kununua. Niliwahi kupata kodi ya mchanganyiko kuwa na hewa nyingi na watu wakasema sensa ya oksijeni. Daftari likasema sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda yenyewe asubuhi na inatulia ikipata moto. Nikatega sikio kwenye mipira midogo ya hewa nyuma ya injini, kuna ssss nyembamba, mpira umepasuka upande wa chini usioonekana, ukipata joto unalainika na kuziba kidogo. Sensa ilikuwa inasema kweli, hewa ilikuwa inaingia ambayo haijapimwa.

Sasa hivi kuna kitu kinagonga mbele kushoto. Ukurasa wa juzi nimeandika: vijiwe vidogo barabara ya vumbi kinagonga, tuta kubwa kimya, breki hakibadiliki, kona hakibadiliki. Boli joint nimezitikisa gari ikiwa juu ya stendi hazichezi. Nahisi ni linki ya stabilaiza (ile bari ya chuma inayounganisha magurudumu mawili ya mbele ili gari isilale kwenye kona), kwa sababu kwenye tuta magurudumu yote mawili yanapanda pamoja na ile bari haifanyi kazi, ila kwenye vijiwe gurudumu moja moja linavutana nayo. Jumamosi nitafungua linki zote mbili, nizifunge pembeni na waya, nipite barabara ileile polepole na madirisha wazi.